Maswali ya garaji: Kolekta ya mabomba kwenye gari la zamani

Fundi, jambo. Nina Land Cruiser FJ40 ya mwaka 1978, injini 2F ya petroli. Kolekta ya moshi (kipande kinachokusanya moshi wa silinda zote) imepasuka katikati. Fundi wa mtaani anasema niweke ya mabomba sita, eti gari litapata nguvu ya kupanda vilima vya Masisi. Nichague ipi?
*Msomaji, Himbi, Goma*

Ndugu msomaji, tafuta kwanza kolekta nzima ya chuma cha kumimina, hata kama imeshatumika. Kwenye 2F, hewa inaingia na moshi unatoka upande mmoja wa kulasi (kifuniko cha juu cha injini), na kolekta ya hewa imekaa juu ya ile ya moshi. Imewekwa hivyo kwa makusudi: moto wa moshi unapasha sakafu ya kolekta ya hewa, na petroli inayoshuka kutoka kwenye kabureta inageuka mvuke badala ya kutuama. Ukiweka mabomba sita, moto huo unaondoka. Asubuhi za baridi injini itakohoa na kuzimika mpaka ipate joto, isipokuwa utengeneze chini ya kabureta bamba linalopitishiwa maji ya moto ya injini.

Kuhusu nguvu, usitegemee makubwa. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini ya kabureta inapoteza kama asilimia 15 ya nguvu yake. Hakuna bomba la moshi linalorudisha hewa hiyo. Faida ya mabomba huonekana zaidi injini ikizunguka kwa kasi, na 2F kazi yake ni mizunguko ya chini. Kwa sababu ya hewa hiyo nyepesi, usiongeze ukubwa wa jeti (vitundu vya kupitisha petroli) za kabureta kwa kumsikiliza mtu wa pwani. Toa plagi, utazame rangi. Zikiwa na masizi meusi makavu, petroli tayari imezidi.

Ikiwa kolekta ya asili haipatikani kabisa, chagua mabomba ya kipenyo cha milimita 38 hadi 41. Mapana zaidi yanapunguza mwendo wa moshi, na gari linakuwa zito linapoondoka. Unene wa ukuta usipungue milimita 1.6. Mabomba ya silinda 1, 2 na 3 yakutane pamoja, na ya 4, 5 na 6 pamoja, kwa sababu 2F inawaka kwa mpangilio wa 1-5-3-6-2-4: kila kundi linapokezana na jingine. Pale yanapokutana pasining'inie chini ya boriti ya gia boksi. Jiwe moja la lava barabarani linatosha kupasua welding.

Sasa jambo linaloharibu kazi nyingi: flenji, yaani bamba la kufungia kolekta kwenye kulasi. Stadi (skrubu zisizo na kichwa) kadhaa za 2F zinabana kolekta zote mbili kwa washa (pete ya chuma) moja nene iliyokalia sikio la hewa na sikio la moshi. Ikiwa flenji mpya ina milimita 8 na ya hewa ina 11, washa inalala upande, inabana moja na kuiacha nyingine ikivuja. Pima zote kwa kalipa kabla hujalipa. Tofauti ikiwepo, mtu wa tono (mashine ya kuchonga chuma) achonge washa zenye ngazi, au aisawazishe flenji iliyo nene. Flenji nyembamba hupinda kwa moto. Tafuta ya milimita 9 au 10.

Siku mbili kabla ya kufungua, lowesha nati kwa mafuta ya kulegeza kutu. Nati ikikataa, ikaze kidogo kwanza ndipo uilegeze. Stadi ikikatika, chomelea nati juu ya kisiki chake, iache ipoe, kisha izungushe taratibu. Ziba matundu ya kulasi kwa kitambaa unaposafisha, na uhesabu vitambaa unapovitoa. Jaribu kolekta bila gasketi: iingie kwenye stadi zote bila kulazimishwa, na iachane na nyaya, mabomba ya breki na mhimili wa usukani kwa sentimita mbili na nusu au zaidi. Halafu weka gasketi mpya, kavu, bila silikoni. Shika nati zote kwa mkono, kisha kaza kuanzia katikati kuelekea pembeni, ukizipitia zote mara tatu.

Nilifunga kolekta mpya kwenye Peugeot 504 wiki mbili zilizopita. Asubuhi inapiga tik-tik, ikipata moto inanyamaza. Ni valvu?
*Msomaji, Katindo*

Anza na gasketi, kaka. Chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba pengo, ndiyo maana sauti inapotea. Injini ikiwa baridi kabisa, iwashe, na mwenzako azibe mdomo wa bomba la nyuma kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache. Pitisha maji ya sabuni kwenye mstari wa flenji: povu litakuonyesha mahali. Masizi kwenye kulasi yanaonyesha vilevile.

Mara nyingi nati hazikurudiwa. Gasketi mpya inalala baada ya moto wa kwanza. Acha injini ipoe, kaza tena; rudia baada ya kilomita 100, halafu 500. Isipokubali, fungua na uweke rula ya chuma juu ya flenji: jani la kupimia la milimita 0.2 likipita chini yake, ipelekwe kusawazishwa. Tafadhali usiendeshe madirisha yakiwa yamefungwa mpaka umalize. Kaboni monoksidi haina harufu, na inaua.

Nivishe mabomba kitambaa cha kuzuia joto?
*Msomaji, Majengo*

Kwa chuma cha kawaida, hapana. Kitambaa kinashika maji, na mvua ya Goma mara nyingine imebeba gesi ya Nyiragongo yenye asidi. Bomba linaoza chini yake bila kuonekana. Weka kinga ya bati kati ya bomba na nyaya, ukiacha nafasi hewa ipite.