Maswali na Majibu: Arakari wa Kijani Si Hondohondo

Tangu nilipoandika juu ya arakari wa kijani, yule ndege mdogo wa jamii ya tukani, ndege wenye midomo mikubwa wa misitu ya Amerika Kusini, nimepokea maswali mengi, na haya ndiyo niliyoona yanafaa kujibiwa hadharani.

*Je, tukani si hondohondo wetu wa Usambara aliyepewa jina la kigeni?*

Hapana. Swali hili nimelijibu mara nyingi, na linanisikitisha kwa sababu anayeliuliza huwa ametazama mdomo tu, akaacha ndege mzima. Tazama miguu: tukani ana vidole viwili mbele na viwili nyuma, kama kigong'ota, ilhali hondohondo ana vitatu mbele na kimoja nyuma. Tukani ni jamaa wa vigong'ota na zuwakulu. Hondohondo yuko karibu zaidi na hudihudi. Midomo yao imefanana kwa sababu wote wawili huchuma matunda kwenye ncha za matawi membamba yasiyoweza kubeba uzito wao, wala si kwa sababu ya undugu. Tena, jike la hondohondo hujifungia ndani ya tundu la mti kwa ukuta wa udongo na kulishwa na dume kupitia ufa mwembamba. Jike la arakari halijifungii kamwe.

*Nitamtambuaje dume na jike?*

Kwa kichwa. Dume ana kichwa na koo jeusi, na jike ana kichwa na koo la hudhurungi, jambo linalofaa kukumbukwa kwa kuwa katika tukani wengi dume na jike hufanana rangi, na hutofautiana kwa urefu wa mdomo tu. Mengine ni yale yale kwa wote wawili: mgongo wa kijani kilichokoza, kiuno chekundu, tumbo la njano lisilo na mkanda wowote, ngozi tupu yenye rangi kali kuzunguka macho, na mdomo ambao sehemu yake ya juu ina njano na wekundu, na ya chini ni nyeusi. Urefu wake ni kati ya sentimita 30 na 39, mdomo na mkia vikiwemo, na uzito wake ni gramu 110 hadi 160 hivi.

*Naweza kumwona katika misitu ya Afrika Mashariki?*

Huwezi. Makazi yake ni misitu ya nyanda za chini ya mashariki mwa Venezuela, Guyana, Suriname, Guiana ya Ufaransa na kaskazini mwa Brazil.

*Kiota chake hujengwa kwa nini?*

Hakijengwi kwa chochote. Arakari hutafuta tundu lililo juu mtini, ama lililotokana na kuoza kwa tawi, ama lililoachwa na kigong'ota, na jike hutaga humo mayai meupe, mawili hadi manne, bila kutandika majani wala manyoya. Wazazi wote wawili huatamia kwa zamu na wote hulisha. Makinda huanguliwa uchi na vipofu, wakiwa na sugu kwenye visigino zinazowakinga wasichubuke kwenye sakafu ngumu ya tundu, na mdomo wao huwa mfupi, ukichukua muda mrefu kufikia ukubwa wake kamili.

Naomba msomaji azingatie maana ya hayo. Ndege huyu hana uwezo wa kuchimba tundu lake mwenyewe katika mti mgumu. Anategemea uozo na kazi ya ndege wengine. Wanaoukata mti mzee wenye mashimo kwa kudai kwamba hauna faida tena, huku wakiacha miti michanga isimame, wanaondoa nyumba na kuacha msitu unaoonekana mzima kwa mbali. Hondohondo wetu, ingawa si tukani, wanapata hasara hiyo hiyo, na hapo ndipo ningependa wanaowalinganisha waelekeze macho.

*Nataka kumfuga nyumbani. Nimlishe nini?*

Ninakushauri usimfuge. Arakari wa kijani yumo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo hasafirishwi kutoka nchi moja hadi nyingine bila kibali, na anayekuuzia bila karatasi anakuingiza katika hatia. Isitoshe, ndege wa jamii ya tukani hukusanya madini ya chuma katika ini kwa urahisi. Chakula chenye chuma kingi, ambacho ndege wengine hukila bila madhara, humwua taratibu huku mwenyewe akimwona mnene na mwenye afya.

*Mdomo ule haumlemei?*

Haumlemei. Ndani yake kuna mifupa myembamba iliyosukwa kama sifongo, iliyojaa hewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 juu ya tukani mkubwa, yule wa toco, ulionyesha pia kwamba damu ikielekezwa mdomoni humpunguzia ndege joto la mwili.

*Analalaje na mdomo mrefu na mkia mrefu ndani ya tundu finyu?*

Hugeuza kichwa na kuulaza mdomo mgongoni, kisha huukunja mkia kwa juu mpaka uufunike, akabaki kama donge la manyoya.