Je, Ndege Mmoja Alianzisha Vita vya Amritsar?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesikia kwamba vita vya mwaka 1634 kati ya Masingasinga na majeshi ya mfalme Shah Jahan wa India vilizuka kwa sababu ya ndege wa kuwindia. Je, ni kweli? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Kisa hicho kimo katika mapokeo ya Masingasinga wenyewe. Inasimuliwa kwamba kozi wa msafara wa mfalme aliangukia mikononi mwa wafuasi wa Guru Hargobind, kiongozi wao wa dini, karibu na mji wa Amritsar, nao wakakataa kumrudisha, ndipo Mukhlis Khan, kamanda wa mfalme, akatumwa na kikosi kuwaadhibu. Lakini ugomvi wa ndege hautuelezi kwa nini kiongozi wa dini alikuwa na askari walio tayari kukabiliana na dola kubwa ya Mughal, yaani dola ya Shah Jahan.

Chanzo chenyewe kiko Lahore, mwaka 1606, ambako baba yake Hargobind, Guru Arjan, aliuawa kwa amri ya mfalme Jahangir, baba wa Shah Jahan. Alituhumiwa kumbariki Khusrau, mwana wa mfalme aliyemwasi baba yake. Hata hivyo, Jahangir mwenyewe aliandika katika kumbukumbu zake kwamba kwa muda mrefu alikuwa amekusudia kuyakomesha mafundisho ya Guru Arjan, yaliyokuwa yakiwavuta Wahindu na hata baadhi ya Waislamu. Kwa maoni yangu, maneno hayo yanaonyesha kuwa uasi wa Khusrau ulimpa mfalme fursa aliyokuwa akiingojea.

Hargobind alikuwa na miaka 11 tu. Alijifunga panga mbili, moja ya mamlaka ya kidunia na nyingine ya kiroho, akajenga Akal Takht mkabala na hekalu la Harmandir, akawaomba wafuasi wamletee farasi na silaha. Jahangir alimfunga katika ngome ya Gwalior, kisha akamwachia.

Basi mwaka 1634 Mukhlis Khan aliuawa vitani, ingawa Guru naye aliuhama mji ule. Yafaa nisisitize kwamba hivi havikuwa vita vya Waislamu dhidi ya Masingasinga: Painda Khan, Mwislamu wa Kipathani aliyelelewa na Guru, alipigana upande wake Amritsar. Inahuzunisha kwamba mwaka uliofuata, huko Kartarpur, alirudi akiwa na jeshi la dola, akauawa. Baada ya hapo Guru alihamia Kiratpur, chini ya vilima vya Shivalik, akaishi huko hadi alipofariki mwaka 1644.