Kwa nini Ijumaa wanasubiri dakika za mwisho

Mkuu, umeuliza kwa nini kwenye MotoGP, yale mashindano makubwa ya pikipiki, waendeshaji wanazunguka taratibu karibu kipindi kizima cha mazoezi ya Ijumaa mchana, halafu wote wanalipuka dakika kumi za mwisho. Jibu ni matairi.

Kwa wikiendi nzima, kama hakuna mvua, mwendeshaji ana matairi 10 ya mbele na 12 ya nyuma. Hayo ndiyo ya mazoezi, kufuzu, mbio fupi ya Jumamosi na mbio kuu ya Jumapili. Sasa tairi laini la nyuma likiwa jipya linatoa kasi yake yote kwenye mzunguko mmoja, pengine miwili, kisha linaanza kuteleza. Ukilichoma mapema, basi tena.

Na Ijumaa mchana ina uzito: kumi bora wanaingia Q2 (kipindi cha pili cha kufuzu, kinachopanga nafasi za mbele za kuanzia mbio) moja kwa moja, waliobaki wanagombania nafasi mbili za kuingia humo huko Q1, kipindi cha kwanza. Ndiyo maana fundi anafunga tairi jipya mwishoni, lami ikiwa imeshashika mpira. Ila bendera ya njano, ishara ya hatari, ikipepea kwenye kona wakati huo, muda wako unafutwa na tairi limeshaliwa. Hilo huniuma kweli nikiangalia.

Q2 yenyewe ni dakika 15, kwa hiyo wengi hutoka mara mbili, kila mara na tairi laini jipya la nyuma. Angalia nani anatoka na tairi lililokwishatumika. Mara nyingi huyo alimaliza akiba yake Ijumaa.