Kabla hujanunua kamera, ifunge hiyo imeili ya kijana aliyeondoka

Mkuu, usinunue hata waya mmoja kwanza. Rudi usome ulichoandika mwenyewe. Umeuliza maswali manne: kamera za aina gani, antivairasi ya kulipia au ya bure, kama umlipe mtu aje apime mifumo ya kampuni, na namna ya kutenganisha wifi ya wageni na ya ofisi. Halafu katikati, kama mtu anayedokeza kwamba jana mvua ilinyesha, unasema kijana wa mauzo aliacha kazi mwezi uliopita, imeili yake mmeiacha "ili wateja wasipotee", na paswedi yake kila mtu ofisini anaijua.

Hapo niliweka simu chini nikashika kichwa.

Sisi tulifanya vivyo hivyo. Alikuwa dada wa uhasibu, akaondoka kwa amani, tukapiga naye na picha. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, nikasema: "Iacheni hiyo imeili, wateja wote wanaijua." Paswedi ilikuwa jina la kampuni na mwaka. Kijana wa mapokezi akapewa kazi ya kuichungulia mara moja kwa wiki. Miezi saba ikapita hivyo, na kumbe kulikuwa na mwenzetu mwingine anaichungulia kila siku.

Huyo mtu hakuiba chochote mwanzoni. Watu wanadhani mdukuzi huingia kama jambazi, anavunja vioo. Huyu alikaa akasoma. Akajua nani tunamdai, nani hulipa mwisho wa mwezi, nani hulipa mpaka apigiwe simu. Kisha akaingia kwenye mipangilio ya imeili akaweka kanuni yake: kila ujumbe wenye neno "malipo" au "invoisi", nakala iende kwenye anwani yake ya nje, na ujumbe wenyewe uhamie folda ya RSS, ile ya kupokelea habari za tovuti ambayo karibu hakuna anayeitumia. Wewe umewahi kufungua folda ya RSS? Mimi nilikuwa sijui hata kama tunayo. Kijana wa mapokezi kila Ijumaa anafungua, anakuta kimya, anafunga, anakuja kuniambia hakuna jipya.

Mteja wetu mkubwa kuliko wote alipofikia kulipa, akatumiwa invoisi. Nimeitazama ile invoisi mara mia. Nembo yetu, namba ya oda yetu, na lile kosa langu la kuandika "tafadhari" badala ya "tafadhali" amelinakili vilevile. Kilichobadilika ni namba ya akaunti ya benki, na mstari mmoja chini kwamba tumehamia benki nyingine.

Mimi nasubiri hela. Siku kumi zikapita, nikapiga simu kukumbusha deni kwa unyenyekevu wote. Mama wa malipo upande ule akanyamaza kidogo, akasema: "Baba, mbona tulilipa tangu Jumanne ya wiki iliyopita?" Akanitumia ujumbe alioupokea. Nikatafuta ile herufi moja iliyobadilishwa kwenye anwani, maana ndivyo tunavyofundishwa, angalia anwani. Hakuna. Ilikuwa anwani yetu halisi. Uwongo ulitoka ndani ya nyumba yetu.

Benki ikasema hela iliondoka kwenye akaunti ile ndani ya siku moja. Tungewahi zile saa za mwanzo pengine wangeizuia. Tukavutana na mteja nani abebe hasara, yeye anasema "imeili ilitoka kwenu", na ana haki. Mwisho tukagawana nusu kwa nusu. Nusu yetu ilikuwa sawa na mishahara ya ofisi nzima ya miezi mitatu. Mteja akaondoka, bila picha.

Sasa sikiliza sehemu ambayo huwa siisimulii. Siku ileile tulibadilisha paswedi, tukashusha pumzi. Wiki mbili baadaye invoisi nyingine ya uwongo ikaenda kwa mteja wa pili. Kubadilisha paswedi hakukuifuta ile kanuni! Nakala zilikuwa zinaendelea kumfikia kule nje kama kawaida, hahitaji tena kuingia. Safari hii alitumia anwani ya kufanana na yetu, lakini kila alichoandika ndani kilikuwa sahihi, kwa sababu tulikuwa tunamletea wenyewe. Kilichotuokoa ni karani mmoja mkaidi wa yule mteja aliyekataa kulipa akaunti mpya mpaka apige ile namba yetu ya simu ya zamani. Huyo karani hata sijawahi kumwona, lakini namwombea dua.

Mtaniambia nilikuwa mjinga. Sawa, lakini nilikuwa mjinga mwenye faiawali, kile kinga cha kuzuia wavamizi wa mtandao. Na hapo ndipo ninapomkumbuka yule aliyejiita mtaalamu. Alikuja mwaka mmoja kabla, kompyuta yake imejaa stika, akakaa siku mbili, akatuuzia kiboksi chenye taa za kijani na ripoti ya kurasa sitini zenye grafu za rangi. Akasema hapa hata mbu hapiti. Katika kurasa zote sitini hakuna ukurasa mmoja uliouliza: nani ameacha kazi hapa? Mtu anapima unene wa mlango wako kwa rula na haulizi funguo ziko kwa akina nani! Tulipompigia baada ya msiba akasema mambo ya watumishi hayakuwa ndani ya mkataba. Kiboksi bado kipo, kinawakawaka. Tunaegemezea mafaili.

Na usidhani haya ni ya kampuni ndogo tu. Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline, bomba kubwa la mafuta la Marekani, ilisimama siku kadhaa na watu wakapanga foleni kwenye vituo vya mafuta. Wadukuzi walipitia akaunti ya zamani ya VPN, yaani njia ya kuingia mtandao wa kampuni ukiwa mbali, iliyokuwa haitumiki tena lakini haijafungwa, na haikuwa na uthibitisho wa pili, ile hatua ya ziada baada ya paswedi kama namba inayotumwa kwa simu. Paswedi moja tu. Kampuni ikalipa kikombozi cha dola milioni 4.4 hivi.

Kwa hiyo mimi nina sheria moja, na ofisini wananikoma nayo: mtu akiondoka, njia zake zote zinafungwa siku hiyohiyo, kabla hajafika kwake. Hata kama ni shemeji yako. Siyo kwamba unamshuku yeye. Dada yetu wa uhasibu hana kosa lolote, nami nilimshuku miezi miwili, jambo linaloniuma mpaka leo. Tatizo ni mlango usio na mwenyewe, maana hakuna wa kushtuka ukifunguliwa usiku.

Na njia ni nyingi kuliko unavyofikiri. Tulipokaa kuhesabu tulikuta akaunti thelathini na moja kwa watu kumi na wanne. Moja inaitwa "jaribio1", ina mamlaka yote ya msimamizi, hakuna anayekumbuka nani aliifungua. Mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo miaka mitatu nyuma alikuwa bado anaona mishahara yetu, wangu ukiwemo. Na namba za uthibitisho za benki zilikuwa zinatumwa kwenye laini ya simu ya mtu aliyeacha kazi! Uliza pia jina la tovuti yenu limesajiliwa kwa akaunti ya nani.

Kuhusu wateja kupotea: hawapotei. Ile anwani igeuze iwe inaelekeza tu ujumbe kwa mtu aliyepo, pasiwe na mtu wa kuingia nayo. Simu na kompyuta zote ambazo bado zimeingia kwenye akaunti hiyo zitoe kwa mpigo, na uthibitisho wa pili uweke kwa kila aliyebaki, bosi akiwa wa kwanza, maana yeye ndiye atakayelalamika.

Kamera nunua unayoipenda, ila badilisha paswedi ya kiwandani. Mwaka 2016 kirusi cha kompyuta kiitwacho Mirai kiliteka kamera na rekoda kwa maelfu kwa kujaribu tu paswedi ambazo vifaa hivyo vilitoka nazo kiwandani. Unaona, tumerudi palepale, ufunguo ambao hujui nani anao. Kumlipa mtu aje apime, muulize swali la walioacha kazi kabla hajafungua kompyuta. Akishangaa, mpe maji umsindikize. Wifi nilikuwa na la kusema, siyo dada wa mume, ile ya intaneti, lakini nimechoka.

Wewe sasa hivi fungua imeili ya huyo kijana, ingia mipangilio, tafuta kanuni na mahali pa kupeleka nakala nje, kisha angalia na folda ya RSS. Ukikuta kitu usikifute kabla hujakipiga picha ya skrini, pamoja na ile anwani ya nje. Sisi tulifuta kwa hasira, na benki ilipoomba ushahidi tukabaki na maneno.