Lehemu ya Fundi Redio Usiipandishe Paani

Mafundi bomba wengi wa huku tumekulia kwenye mabomba ya chuma na plastiki. Shaba tunakutana nayo zaidi tukifunga hita za sola, na huko ndiko nilikoumbuka. Mwaka wangu wa kwanza kazini, kwenye nyumba moja ya wageni Moshi, lehemu iliniishia nikiwa paani. Nikaazima kwa fundi redio wa jirani. Iliyeyuka upesi, ikang'aa, nikajisifu kimoyomoyo. Mzee aliyekuwa akinifundisha aliposoma lebo akanipa msumeno: kata maungio yote sita. Iliandikwa Sn60Pb40, yaani bati asilimia 60, madini ya risasi 40.

Risasi hiyo haionekani wala haina ladha. Huingia kwenye maji kidogo kidogo, na maji ya moto huichota zaidi, hasa yakilala bombani usiku kucha. Wanaoumia kuliko wote ni watoto, maana ubongo wao ungali unakua. Marekani waliipiga marufuku kwenye mabomba ya maji ya kunywa tangu 1986, lakini muuza duka wako hatakuuliza unakwenda kulehemu nini.

Kwa hiyo soma lebo mwenyewe. Ukiona Pb, rudisha. Mimi hutumia Sn97Cu3, bati na shaba kidogo. Ya bati 95 na antimoni 5 nayo ni nzuri. Lebo ikiwa imechanika sinunui, hata muuzaji aape kwa mama yake.

Jiandae tu, hii inataka moto zaidi. Ile ya redio huanza kuyeyuka nyuzi 183, hii ya bati na shaba 227. Wengi hapo huielekezea tochi ya gesi lehemu yenyewe, ikadondoka matone matone. Sugua shaba kwa msasa hadi ing'ae, paka flaksi ya mabomba, ile dawa inayosaidia lehemu kushika, kisha pasha kiungo, halafu gusisha waya wa lehemu upande usio na moto: kiungo kikiwa tayari kitainyonya chenyewe. Flaksi ikiungua ikawa nyeusi, zima, safisha, anza upya. Bomba la milimita 15 linatosheka na waya wa urefu huohuo.

Na bomba liwe kavu. Tone moja la maji linatosha kukunyima joto. Siku ile valvu ilikuwa inavuja, mzee akanituma jikoni kuomba kipande cha mkate mweupe, akakishindilia ndani ya bomba kinyonye maji wakati nalehemu. Baadaye tulifungua maji, kikatoka uji mtupu.