Kuinua Land Cruiser Series 80 kwa inchi 2

Ndugu, nimeelewa kwamba springi na shokapu za kuinua Land Cruiser Series 80 yako kwa inchi 2 unazo tayari, na unauliza kama unaweza kuzifunga mwenyewe nyumbani. Inawezekana, kwa kuwa ekseli ikishushwa vya kutosha springi hutoka bila kubanwa; lakini gari likae juu ya stendi imara chini ya chasisi, kamwe si juu ya jeki pekee. Nati zenye kutu zipulizie mafuta siku moja kabla.

Ugumu wenyewe huja baadaye. Gari likiinuka, ekseli ya mbele huzunguka kidogo, pembe ya mhimili wa usukani hupungua, na kwenye lami gari huyumba hata barabara ikiwa nyoofu. Kwa hiyo nunua pia bushi (vipande vya mpira vya kwenye maungio ya mikono ya ekseli) za kurekebisha pembe hiyo, hata kama muuzaji alikwambia hazihitajiki. Bushi zote zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, la sivyo mpira hubaki umejipinda na kuchanika mapema. Kagua mipira ya breki ekseli inaponing'inia: ikivutika, usiliendeshe gari hilo mpaka fundi wa breki afunge mirefu zaidi na alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu) ipimwe.