Kipindupindu kimeingia wilayani, mahafali tufanye au tuahirishe?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi ni waziri wa afya serikali ya wanafunzi, chuo kimoja kanda ya ziwa. Wilayani kuna wagonjwa wa kipindupindu, mahafali yetu ni wiki 2 zijazo na wazazi washaanza kukata tiketi. Uongozi umegawanyika, wengine wanasema mkusanyiko wowote ni hatari kama kipindi cha korona. Tunaamuaje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hapo kwenye korona ndo mnapopotezana. Korona inapita hewani kwaiyo watu kujaa ukumbini ni tatizo lenyewe, ila kipindupindu kinaingia kwa mdomo, kwenye maji na chakula chenye kinyesi cha mgonjwa, wazazi wakikaa uwanjani kusubiri jina la mtoto liitwe hawaambukizani kwa kukaa pale, wanaambukizana wakianza kula. Juni 2017 Nairobi kulikuwa na kongamano la watu wa afya wenyewe, hotelini kabisa, na bado wajumbe wakalazwa kwa kipindupindu.

Kwaiyo swali la kwanza mezani liwe hili, je kuna mgonjwa ndani ya chuo? Kama yupo hosteli au mmoja wa wapishi anaharisha, ahirisheni, hapo sina maneno mengi. Vimelea vinakaa mwilini masaa machache mpaka siku 5 kabla mtu hajaanza kuharisha, na wengi hawaonyeshi dalili kabisa ila wanavitoa chooni. Sasa piga picha mzazi katoka Songea, kala pilau lenu mchana, usiku kapanda basi, anaanza kuharisha kijijini ambako zahanati iko mbali. Hicho ndo kinachoninyima usingizi mimi kuliko idadi ya watu uwanjani.

Kama chuoni hamna mgonjwa, fanyeni sherehe ila futeni chakula. Najua itauma, kamati ishalipa advansi, lakini pilau likishaiva likakaa vuguvugu masaa matatu vimelea vikiingia vinazaliana vizuri tu, kachumbari na juisi zenye barafu ndo usiseme. Toeni maji ya chupa zilizofungwa, na wauzaji wa pale getini ongeeni nao mapema na bwana afya wa kata awepo. Maji ya bomba yapimwe klorini, ile dawa ya kuua vimelea, kila asubuhi kuanzia sasa, inayobaki kwenye maji yakifika bombani isipungue miligramu 0.5 kwa lita. Vyoo viongezwe, na kila choo kiwe na maji tiririka na sabuni, msitegemee sanitaiza peke yake kwa sababu mikono ikiwa michafu haifanyi kazi vizuri.

Uamuzi wa mwisho msiubebe wenyewe, nendeni kwa mganga mkuu wa wilaya kesho, akisema hapana ni hapana. Mkubaliane naye siku ya kukaa tena, mi ningeweka siku 5 kabla ya mahafali, na wazazi waambiwe leo kwamba tarehe inaweza kusogea ili mwenye tiketi ajue. Majibu ya klorini yakitoka niandikie hapa tuyaangalie.